Vinyungu tumetoa, tajiri kapanda milingoti (mikaratusi) mpaka mtoni, kamati ya mazingira kimya!

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie.

Niko Mufindi, mkoani Iringa, kijiji sikitaji maana viongozi wetu nao wamo humu humu. Kwa wasiojua kinyungu: ni bustani ya bondeni. Kiangazi kikikausha huku juu, unainua matuta kwenye unyevu, unapanda mahindi, maharage na mboga. Sare na madaftari ya Januari kwetu yanatoka humo.

Wakaja watu wa wilaya wakasema chanzo cha maji kinakauka, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni ziachwe. Mkutano mkuu ukaitwa. Tulibishana mpaka jua linazama, wazee hawakutaka kabisa, mwisho tukakubali: vinyungu vitoke, ipandwe mivengi, miti inayotunza maji. Miche tuliibeba wenyewe kichwani.

Sasa kaja bwana mmoja anayeishi Dar, kapewa eneo juu ya chanzo. Kapanda milingoti toka kilimani mpaka unakanyaga maji. Ndani ya mita 60 hizo hizo! Mivengi yetu iliyokwisha kushika imeng'olewa. Na hakuna mtu huku asiyejua mlingoti unavyokunywa maji.

Nikamuuliza mtendaji. Eti "halmashauri ya kijiji ilishapitisha." Lini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uidhinishe kwanza. Mkutano huo mimi sikuuona, mke wangu hakuuona, majirani hawakuuona. Tukiomba muhtasari, mtendaji anasema uko kwa mwenyekiti, mwenyekiti anasema uko kata. Karatasi gani hii inatembea kuliko bodaboda?

Kamati ndiyo inaniuma zaidi, maana tuliichagua sisi kwa kunyoosha mikono. Kuna mama mjane alilima matuta mawili ya mboga pembeni mwa bonde. Wakamtoza elfu hamsini na jembe wakachukua. Kwa bosi wanapita wameangalia juu, utadhani wanahesabu ndege.

Halafu juzi mbiu imepigwa: Jumamosi kila kaya itoe mtu, tukafyeke njia ya moto kuzunguka chanzo. Chanzo kipi? Leo ukikizunguka chanzo umezunguka shamba la bosi. Yaani tumfyekee bure, na asiyetokea faini! Hata kwenye mgowe, kazi ya pamoja ya wazee wetu, mwenye shamba alikuwa anatoa ulanzi (pombe ya mianzi) na chakula.

Na nyie wa Iringa mjini msikae mnacheka. Vijito vyetu vinashuka mto Ruaha Ndogo, na huko ndiko mabomba yenu yanakopata maji.

Najua watakuja wa "wanavijiji hamtaki uhifadhi." Waje bondeni waone nani alitoa shamba lake na nani kaingiza lake.

Wanasheria humu, nisaidieni. Tuanzie ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa, NEMC (wale wa mazingira wa taifa), au baraza la ardhi? Na mwenyekiti akigoma kuitisha mkutano mkuu, wanakijiji tunapita njia gani? Jibuni kabla ya Jumamosi, maana kufyeka siendi, na hiyo faini yao waje waichukue mahakamani.