Wazee wa baraza kuwa hiari Mahakama Kuu: jaji kapumua au kabaki peke yake?

MwanasheriaMchanga: Wakuu, habari za jioni. Nafanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu marekebisho ya 2022, yaliyofanya wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na jaji kusikiliza kesi na kumpa maoni, wasiwe lazima tena kwenye kesi za Mahakama Kuu ya Tanzania. Karibu kila ninachosoma kinamhusu mshtakiwa. Mimi namtaka jaji: kazi yake imebadilika vipi? Nimewaandikia majaji wawili kuomba mahojiano, kimya. Nianzie wapi?

KaraniMstaafu: Mwanangu, nimekaa mbele ya majaji miaka 26. Watu walidhani wazee ni pambo, kwa kuwa jaji hakufungwa na maoni yao. Kumbe ndio waliomkosesha usingizi! Ushahidi ukifungwa, ilibidi awafanyie majumuisho, yaani awaeleze kwa muhtasari ushahidi na sheria: kuua kwa kukusudia ni nini, utambuzi wa usiku una hatari gani. Akiruka jambo la msingi, Mahakama ya Rufani inafuta mwenendo (yote yaliyoendeshwa na kuandikwa mahakamani), kesi inaanza upya. Mzee wa baraza akimbana shahidi kama wakili, vilevile. Niliwahi kupokea jalada lililorudi hivyo: mashahidi wawili wameshazikwa, mshtakiwa yumo ndani, kichwa cheupe.

Lakini namkumbuka bibi mmoja, mzee wa baraza, muuza dagaa. Shahidi kadai alimtambua muuaji kwa mwanga wa kibatari. Bibi akaomba ruhusa: "Kilikuwa mezani au nyuma ya mlango?" Shahidi akababaika. Mawakili wote walikuwa wamepapita hapo. Jaji akaweka kalamu chini, akamtazama bibi, akaishika tena.

PwaniMombasa: Huku Kenya tuliwaondoa 2007, na sijasikia jaji akiwalilia. Kilichowageuzia majaji kazi ni uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, 2017. Zamani ukimtia mtu hatiani kwa mauaji, adhabu ni kifo tu, unaisoma na kuinuka. Sasa unasikiliza maombi ya kupunguziwa, halafu unapima mwenyewe. Huo nao ni mzigo, ndugu. Ulinganishe.

MwanasheriaMchanga: Asanteni. Nitaanza na hukumu za Rufani zilizoko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zile zilizofuta kesi kwa sababu ya majumuisho. Shikamoo mzee, yule mshtakiwa wa kesi ya kibatari aliishia wapi?

KaraniMstaafu: Marahaba. Aliachiwa. Sababu ya kwanza kwenye hukumu ilikuwa kibatari, ila bibi hakutajwa popote. Kwa hiyo hukumu peke yake haitakutosha. Omba na mwenendo. Na barua ipitishie kwa Msajili wa Mahakama, usimvizie jaji.