Kozi ya kusafisha na kufufua ngozi: niulize nini kabla ya kulipa?

Fundi wa Maweni
Salaam wadau. Tuna karakana ya viti hapa Malindi. Kushona, sponji na mbao hakutusumbui. Shida ni sofa za ngozi za nyumba za kukodisha na viti vya gari vilivyopauka au kuchanika: mwenyewe hataki vivalishwe upya, anataka virudi kama vilivyokuwa. Natafuta kozi na nimepata tatu. Moja ni ya video, unatumiwa sanduku la dawa. Ya pili ni siku tatu Mombasa, nayo ina sanduku. Ya tatu ni kwenda Thika kwenye kile chuo cha viatu. Zote zinaahidi cheti. Niulize nini kabla sijatuma pesa?

Mzee wa Msasa
Thika iweke kando, si kwa ubaya. Training and Production Centre for the Shoe Industry inafundisha viatu na bidhaa za ngozi: kukata, kupunguza unene wa kingo, kubandika, kushona. Hayo karibu yote unayo. Ngozi nyingi za sofa na gari zimepuliziwa rangi kiwandani na juu yake tabaka la kukinga. Kinachopauka na kupasuka kwanza ni hilo tabaka, ngozi yenyewe bado nzima. Unachokosa wewe ni fani ya tabaka hilo.

Kuhusu cheti, uliza kimetolewa na nani. Kama ni chuo, kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi, na chuo halali hakikufichi namba yake. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, una madaraja, la III mpaka la I. Cheti cha muuza dawa ni karatasi ya duka tu. Si haramu, ila usikilipie kana kwamba ni cha serikali.

Halafu omba ratiba ya siku ya kwanza. Ikianza na kufungua sanduku, achana nao. Lazima ianze na kutambua ngozi. Tone la maji likizama mara moja na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi ya anilini, yaani rangi imeingia ndani tu, haina tabaka la kinga, na makosa yake hayafutiki. Likikaa juu, ina rangi ya juu na kazi inawezekana. Kisha geuza kipande chini ya kiti: ukiona kitambaa kilichofumwa badala ya nyuzi za ngozi, una reksini au ngozi ya kusaga na kugandisha. Joto na unyevu wa pwani huvunja plastiki yake mpaka imenyuke kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Hiyo haifufuliwi, inavuliwa. Mwalimu asiyesema wazi "hii kazi ikatae" anakuuzia dawa.

Swali la mwisho: mwanafunzi mmoja anashika pistoli ya kupulizia rangi kwa muda wa saa ngapi, na je, unaruhusiwa kuja na kiti chako kibovu? Darasa la watu ishirini na pistoli moja ni maonyesho.

Fundi wa Maweni
Shukran mzee. Na hii nayo: rangi inatoka vizuri kabisa, lakini baada ya wiki chache inabambuka pale dereva anapopitisha paja. Kozi nzuri itanieleza?

Rangi Nyembamba
Kozi isiyokueleza hilo haina kazi. Sababu ni tatu, na mara nyingi ni ya kwanza.

Uchafu chini ya rangi. Kiti cha gari kina jasho, mafuta ya mwili na ile dawa ya kung'arisha deshibodi yenye silikoni. Ukipulizia juu yake rangi inakimbia, inaacha vijicho vya duara. Hata isipokimbia, haishiki. Kisafishaji kiwe laini, kwa sababu ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH ya kama 3.5 hadi 5. Sabuni ya unga iko upande wa pili kabisa: inalegeza mafuta ya ndani, kiti kinakauka na kukakamaa. Baada ya kusafisha, pitisha spiriti ya isopropili kwa kitambaa cheupe, ukigeuza upande kila mara, mpaka kitambaa kisichukue kitu. Kisha msasa namba 400 na kumalizia 600, ili rangi ipate pa kung'ang'ania.

Sababu ya pili ni kigumishi, dawa ya kuchanganya ili tabaka ligande. Tabaka la mwisho bila kigumishi ni laini, maji na msuguano vinaliondoa. Kipimo chake kimeandikwa kwenye chupa, nacho hupimwa kwa mizani, si kwa kifuniko. Ukichanganya, kitumie siku hiyohiyo. Na uvae barakoa ya vichujio, kile kitambaa cha kovidi hakitoshi: vigumishi vingi vinaharibu mapafu taratibu.

Ya tatu ni unene. Tabaka tano nyembamba, kila moja ikikaushwa kwa draya, hushinda mbili nzito. Hapa pwani ongeza chujio la maji kwenye mpira wa kompresa. Hewa yetu ina unyevu, ikibanwa unageuka maji, na pistoli inatema matone katikati ya kiti.

Sasa jaribio la kuwadai walimu. Kesho yake, chora miraba midogo kwa wembe kwenye kipande cha mazoezi, bandika utepe wa gundi, bonyeza, vuta kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, kazi imeharibika mwanzo, si mwisho. Kozi ya siku moja haina kesho yake, ndiyo maana naikwepa.

Kuhusu mpasuko: kiraka huingia chini, hakikai juu. Kata kitambaa imara kipite mpasuko kwa sentimita 2 kila upande, kona zake ziwe za mviringo, kiingize kwa kibano, paka gundi inayonyumbulika, sogeza kingo zikutane bila kupandana. Kijazio kiwe tabaka jembamba, kikauke, msasa, tena. Ukijaza shimo lote kwa mkupuo mmoja, juu linakauka na chini bado bichi, mtu akikaa linapasuka. Rangi nayo usiilinganishe ikiwa mbichi. Nyingi za maji zikiwa mbichi ni za maziwamaziwa, zikikauka zinakolea. Dondoshea tone, kausha, tazama mlangoni kwenye mwanga wa jua, maana taa ya duka inadanganya.

Bint Langoni
Mimi niongeze la huku Lamu: koga. Walimu wa bara hulipitisha kwa dakika tano, na kwetu ni nusu ya kazi, hasa masika. Kiti kitoe nje penye upepo na kivuli, piga brashi kavu kwanza ili usiisambaze ndani, kisha futa kwa spiriti na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Chumba kikibaki na unyevu zaidi ya asilimia 65 hivi, itarudi tu, kwa hiyo kipimo cha unyevu kiwe kwenye mkoba wako. Na mwenye nyumba mkataze mafuta ya nazi. Yanang'arisha siku mbili, kisha yanashika vumbi na kulisha hiyo koga.

Na kitu kimoja usikiguse hata ukiwa na vyeti kumi: majalada ya kale, kama ya misahafu ya Siyu. Ngozi kuukuu ikiacha unga mwekundu vidoleni, maji yanaigeuza nyeusi na ngumu papo hapo. Hiyo ni kazi ya wahifadhi wa makumbusho, kaka.

Mzee wa Msasa
Kweli dada. Fundi, nikikuamulia: video ichukue kwa nadharia ya rangi kama ni nafuu, siku tatu za Mombasa ziwe za mikono, ila waulize kwanza kama kigumishi na kijazio vinauzwa chupa mojamoja hapa nchini. Sanduku linaisha kwa sofa tatu nne. Ukilazimika kuagiza lote upya kutoka nje kwa sababu ya chupa moja, faida imekwisha.

Fundi wa Maweni
Nimewapigia sasa hivi. Chupa mojamoja zipo, darasa ni watu sita, pistoli tatu. La utepe hawakulijua, wamesema nije nao.