Spika za nyuma kimya: kiboksi cha kusimbua, risiva ya mtumba au saundiba?

Mtulivu_Ubungo (mwanzisha mada)
Habari zenu wakuu. Nina sabufa ya 5.1, zile zenye spika tano ndogo na boksi la besi. Nyuma ina matundu sita ya RCA (yale ya duara ya pini moja) kwa ajili ya 5.1, na mengine mawili ya AUX, ya kuingiza sauti ya kawaida ya kushoto na kulia. Nimeiunga na TV kwa waya mmoja kutoka tundu la hedifoni hadi matundu ya mbele kushoto na kulia. Mbele zinapiga, besi ipo, ila ya kati na mbili za nyuma kimya. Nikihamishia waya AUX zote zinaamka, lakini zinasema kitu kilekile: mtangazaji wa mpira yuko mbele na yuko mgongoni kwangu.

Fundi wa mtaani anasema saketi ya nyuma imeungua, anataka kufungua. Kabla sijampa, naomba mnilinganishie: kiboksi cha kusimbua sauti (kinachofungua sauti ya kidijitali ya TV na kuigawa njia sita), risiva ya mtumba (mashine ya kusimbua na kuendesha spika zote), au niuze yote nichukue saundiba (spika ndefu moja ya kuweka mbele ya TV) yenye spika za nyuma zisizo na waya? TV ina optiko (tundu la sauti ya kidijitali kwa waya wa mwanga) na HDMI yenye ARC, yaani inayoweza kutoa sauti ya TV. Tunaangalia mpira, Netflix na muvi za flashi.

Bisibisi_K
Mkuu, usimpe. Kitu kilichoungua hakifufuki kwa kuhamishiwa AUX. Ukichagua 5.1, kila tundu kati ya yale sita linalisha spika yake peke yake. Wewe umechomeka mawili, manne yako tupu, basi spika zake zipige nini? Besi unaisikia kwa kuwa mashine nyingi za hivi huichota kwenye chaneli (njia za sauti) za mbele. Na tundu la hedifoni hutoa chaneli mbili tu, hata muvi iwe na sita.

Kwa wengine watakaosoma hapa, ambao spika yao haipigi kokote: zima mashine, chukua spika ya mbele uiunge mahali pa ile ya nyuma. Ikipiga, spika ya nyuma au waya wake ndiyo yenye shida. Ikinyamaza nayo, tazama mashine. Spika yenyewe unaipima kwa betri ya 1.5V: ichomoe kwenye mashine, gusisha nyaya zake kwenye betri mara moja na uachie, spika nzima italia “tup”. Mwenye mita, spika ya ohm 8 husoma karibu 6. Isiposoma kabisa, koili imekatika, au waya umekatika njiani, na panya wanahusika sana hapa.

Nyaya_Tupu
Mimi nipo upande wa kiboksi. Optiko inatoka kwenye TV na kuingia kwenye kiboksi, kisha RCA sita kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye sabufa yako. Unabaki na vyombo vyako na hiyo ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote ulizotaja.

Ila kuna mtego. Optiko hubeba ama PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli mbili, ama Dolby Digital na DTS, yaani miundo ya sauti iliyobanwa, za 5.1. Netflix hutuma Dolby Digital Plus, ambayo haipiti kwenye optiko, kwa hiyo ni lazima TV iigeuze iwe Dolby Digital ya kawaida. TV nyingine hufanya hivyo, nyingine zinatoa PCM tu na hapo kiboksi hakina la kusimbua. Ingia kwenye menyu ya sauti ya TV utafute sehemu ya sauti ya kidijitali. Ukiona Auto, Bitstream au Dolby Digital, una matumaini. Ukiona PCM peke yake, usitoe hela.

Spika_Saba
Nyaya_Tupu yuko sawa kuhusu TV, lakini kwangu kiboksi ni kiraka. Risiva ya mtumba inakupa vitu ambavyo kiboksi hakina. Kwanza toni ya majaribio: bonyeza, mlio unazunguka spika moja baada ya nyingine. Nyuma zikilia, nyaya na spika ni nzima, hangaika na chanzo. Zisipolia, angalia kama menyu imeandika spika za nyuma ni “None”, kosa la kawaida kwa risiva iliyotoka kwa mtu aliyekuwa na spika mbili tu. Pili unapanga umbali na sauti ya kila spika.

Tatu, na kwa mtu wa mpira hili ndilo kubwa, kuna Dolby Pro Logic II, ya tangu mwaka 2000. Hiyo huchukua sterio na kuitawanya: mtangazaji anabaki katikati, kelele za uwanjani zinaenda nyuma. YouTube na stesheni nyingi za TV za hapa ni sterio, kwa hiyo kiboksi kitakuacha na nyuma kimya sehemu kubwa ya wiki.

Mbeba_Box_Texas
Naongezea kwa wanaotegemea ndugu wa huku kuwatumia risiva. Soma maandishi ya nyuma kabla haijafungwa. Za Marekani nyingi ni 120V pekee. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa 230V, safari yake imeishia hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya risiva. Jumlisha bei na uzito wake kwenye hesabu zako.

Bi_Makadara
Jamani, mnasahau kuna watu wana watoto na zulia. Mimi nilichoshwa na nyaya, nikachukua saundiba, na sirudi nyuma. Lakini kaka, fungua macho dukani. Zipo zilizoandikwa 5.1 na ndani ya boksi hamna spika za nyuma hata moja. Na hizo “zisizo na waya” zinataka umeme, kwa hiyo lazima uwe na soketi nyuma ya kochi. Zikinyamaza baada ya umeme kukatika, mara nyingi zimepoteza mawasiliano tu: tafuta kitufe cha kuziunganisha upya na usubiri taa itulie.

Bisibisi_K
Na ikiharibika saundiba, imeharibika yote. Ndiyo maana mimi siipendi, ingawa kwa nyumba ya kupanga naielewa.

Mtulivu_Ubungo
Nimeangalia. TV ina PCM na Auto, ilikuwa PCM, nimeweka Auto. Netflix kwenye orodha ya lugha muvi nyingi zinaonyesha 5.1. Flashi sijui nitazame nini.

Nyaya_Tupu
Tazama jina la faili. AC3 au DD5.1 ni nzuri, AAC2.0 ni sterio. Kwa TV yako naona kiboksi kitafanya kazi, ila nunua kwa mtu atakayekubali ukirudishe. Kisha rimoti ya sabufa iwe kwenye 5.1, si AUX.

Spika_Saba
Kwa mpira utahamia AUX kwa mkono, basi. Ukichoka, tutaongea risiva. Na usitegemee nyuma zipige muda wote: watu wakiwa wanaongea mezani, kimya cha nyuma ni halali. Jaribu na muvi yenye mvua au helikopta. Zikae pembeni yako, nyuma kidogo tu, si ukutani kule mwisho.

Mtulivu_Ubungo
Naenda na kiboksi. Waya wa optiko una la kuzingatia?

Bisibisi_K
Usiukunje kwa pembe kali. Na toa vile vikofia vya plastiki kwenye ncha zote mbili, nimeshaitwa nyumba za watu kwa sababu hiyo tu.