Salim anahama chuo

Kikundi: Wana wa Bi Mize 🌴

Mjomba Kombo: Asalaam aleikum. Nimeamka nakuta ujumbe 40 na picha ya joho. Salim kahitimu au kafukuzwa? Mbona naona "anahama chuo"?

Mama Mdogo Zena: Waaleikum salaam kaka. Kahitimu 😂 Ile kofia unadhani kaazima?

Mjomba Kombo: Sasa aliyehitimu anahama na nini, kitanda?

Mama Salim: Kombo ngoja nitoke zamu nikueleze. Ni mambo ya mpira wa Kimarekani.

Mjomba Kombo: Nilijua tu.

Mama Mdogo Zena: Iko hivi. Kule Marekani mchezaji wa chuo anapewa miaka 5 ya kucheza misimu 4. Mwaka wa kwanza Salim alikuwa anafanya mazoezi tu, hakuingia uwanjani, ule msimu haukuhesabiwa. Shahada kamaliza, msimu mmoja bado anao. Anaruhusiwa kuucheza chuo kingine huku anasoma masta.

Mjomba Kombo: Kama mtu aliyemaliza mkataba Coastal Union, anaondoka bure.

Mama Mdogo Zena: Hapo hapo. Na dirisha la usajili wanalo, jina lake limo tangu Aprili.

Salim: Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama Mdogo.

Mjomba Kombo: Marahaba mjomba. Hongera sana! Lakini pale ulipo pana nini?

Salim: Kocha aliyenichukua aliondoka, huyu mpya kaja na watu wake. Msimu uliopita nimesugua benchi mechi 9.

Mjomba Kombo: Mwili wote ule benchi? Hasara.

Salim: 😂 Nacheza mstari wa mbele, namkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira, asiangushwe. Hata nikicheza, msimu unaweza kuisha sijaugusa mpira.

Mama Mdogo Zena: Bibi yuko hapa, anasema andika: "Mume wangu, kazi gani hiyo ya kupigwa na mpira hupewi?"

Salim: Shikamoo Bibi. Ndiyo iliyonisomesha 🙈

Mama Salim: Haya nimetoka, niko kwenye gari. Huku Houston ukitaja jambo hili unatajiwa Jalen Hurts, maana ni mtoto wa Channelview, hapa hapa upande wa mashariki. Kombo unamjua?

Mjomba Kombo: Yule kwotabeki wa Philadelphia, aliyebeba kombe la Super Bowl Februari 2025. 40 kwa 22.

Mama Salim: Huyo. Januari 2018 alikuwa chuo cha Alabama, wako fainali ya vyuo. Wakaenda mapumziko, kipindi cha pili kocha akamweka chini, akaingiza dogo wa mwaka wa kwanza. Dogo akashinda kombe! Watu wakasema Hurts ataondoka kesho yake. Hakuondoka. Alikaa mwaka mzima akiwa namba mbili, Desemba akachukua shahada yake, na Desemba hiyo hiyo dogo akaumia, yeye akaingia akawafunga chuo cha Georgia. NDIPO akahama. Akaenda chuo cha Oklahoma, akaandikishwa masta ya mahusiano ya watu.

Mama Mdogo Zena: Hapo kwenye kukaa mwaka mzima mimi nisingeweza 😅

Salim: Na mwaka ule wa 2019 akawa wa pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wa kwanza Joe Burrow, naye vilevile: shahada Ohio State, kakosa namba, kahamia LSU, chuo cha Louisiana, kusoma masta. Wote wawili walitoka benchi.

Mjomba Kombo: Basi mbona neno limekwisha. Nenda mjomba!

Mama Salim: Halijakwisha. Hurts alicheza Oklahoma msimu mmoja akaenda kwenye mpira wa kulipwa. Joho la masta kalivaa lini? 2023. Na mwezi mmoja kabla kasaini mkataba wa dola milioni 255. Yeye hata angekaa miaka 10 ada si tatizo. Huyu wangu masta ni miaka 2, mpira unaisha Desemba. Januari nani analipa?

Mama Mdogo Zena: Eh.

Mjomba Kombo: Dada, hapo umenipata. Klabu ikishamaliza na wewe, inakujua tena?

Mama Salim: Makocha wakinipigia ni "Mama, tunampenda kijana wako." Nikiuliza ya Januari wanaanza kunisifia lafudhi.

Mama Mdogo Zena: 🤣🤣

Salim: Mama, nimewauliza wote watatu kwa maandishi, kama ulivyosema. Ada ya mwaka wa pili, hata nikiumia, hata nisipocheza. Mmoja hajajibu mpaka leo. Wa pili kasema "tutaona". Wa tatu kaleta barua.

Mama Salim: Barua ipi? Mbona sijaiona?

Salim: Imeingia jioni hii. Nilitaka umalize zamu kwanza.

Salim: 📷 Picha

Mjomba Kombo: Afya ya jamii, masta. Ada, chumba, chakula, vitabu... Mjomba toa hicho kidole chenye bandeji, kimeziba tarehe.

Salim: Samahani. 📷 Picha

Mjomba Kombo: "Hadi Mei 2027." Ina saini mbili.

Mama Mdogo Zena: Bibi anauliza kuna baridi huko?

Salim: Kubwa, Bibi. Theluji mpaka Machi.

Mama Mdogo Zena: Anasema atakushonea sweta, umtumie vipimo, na asidanganywe maana la mwaka juzi halikupita kichwani.

Mjomba Kombo: Dada mbona kimya?

Mama Salim: Nimeegesha gari pembeni naisoma tena.

Mama Salim: Salim, huko saa 7 usiku. Kalale. Kesho nipigie tuisome pamoja mstari kwa mstari kabla hujasaini.