Njegere nilizotunza kwa mbegu zimegoma kuota, nimekosea wapi?

Mama Kilolo:
Kamwene wakuu. Mwaka jana nilipanda njegere mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Nyingi niliziuza mbichi, nikaacha mistari michache ikaukie shambani iwe mbegu. Mwezi wa nne mvua bado inapiga. Zilizotangulia kukauka zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena, punje zikatoka na madoa ya kahawia na nyufa. Nikaogopa, zilizobaki nikazing'oa zingali kijani, nikazianika juu ya bati kwenye jua kali.

Wiki iliyopita nimefunga punje 100 za kila aina kwenye kitambaa kibichi. Siku ya nane: za mvua zimeota 41, za bati 56. Nina debe zima na ada ya watoto inategemea shamba hili. Nizipande kwa kuongeza punje shimoni? Na mwaka huu nipande lini nipate mbegu safi?

Mkulima Makambako:
Pole sana dada. Za mvua usizipande kabisa. Yale madoa mara nyingi ni ugonjwa uliokwishaingia ndani ya mbegu, utausambaza shamba zima. Kosa lako lilianza siku ya kupanda. Huku kwenye baridi njegere huchukua karibu miezi minne mpaka ikauke, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kuanzia kiangazi. Ya mbegu mimi napanda katikati ya mwezi wa tatu: inakua na mvua za mwisho, inakauka mwezi wa saba hakuna tone.

Kinyungu Njombe:
Mwezi wa tatu sawa, ila asipande bondeni! Mwezi wa sita na wa saba baridi inatuama kule chini, asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani. Maua na maganda machanga yanaungua, punje hazijai. Panda mteremkoni. Za kinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, zinazopandwa mwezi wa nane ni nzuri kwa kula, lakini zinajaza punje joto likiwa limepanda, na zikikawia zinapokelewa na mvua mpya.

Mama Kilolo:
Asanteni. Na hizi za bati, 56 si afadhali?

Mzee wa Isyonje:
Mwanangu, loweka chache usiku, asubuhi zimenye na uzipasue. Ukikuta kishimo katikati ya zile nusu mbili, ni joto la bati: punje ilikuwa mbichi ikakaushwa ghafla. Kwenye kitambaa itaota, lakini kwenye udongo wa baridi uliolowa inavujisha sukari, ukungu unaifuata, inaoza. Kuongeza punje shimoni ni kuongeza uozo.

Safari hii subiri ganda liwe rangi ya majani makavu, ukilitikisa lilie, na kucha isizame kwenye punje. Ng'oa asubuhi na umande, maganda yasipasuke. Anika juu ya turubai, kivulini penye upepo. Pura kwa fimbo nyepesi kabla hazijawa kavu kama kokoto, maana zikifika hapo zinapata nyufa usizoziona kwa macho. Halafu malizia kuzikausha ndipo uhifadhi.

Kwa sasa nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mama Kilolo:
Shikamoo mzee. Nimepasua ishirini, kumi na moja zina kishimo. Debe lote linaenda jikoni. Mteremko upo juu ya mahindi, kesho naanza kuulima.

Mzee wa Isyonje:
Marahaba. Mistari ya mbegu itenge mapema, usiichume mbichi hata ganda moja.