Programu za simu kwa wagonjwa wenye demensia wodini: mngechagua ipi?

NesiWaZamu: Habari zenu wapendwa. Wodini kwetu wazee wengi wana demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) na tunataka tuanze na programu moja. Nimebaki na PainChek ya maumivu, 4AT ya kuchanganyikiwa kwa ghafla (deliriamu), au wasifu wa mgonjwa (maelezo ya maisha yake) kwenye tableti. Mliozitumia, mnasemaje?

DadaWodi: Maumivu kwanza! Mgonjwa aliyepoteza maneno hakwambii nyonga inauma. Ukimgeuza anakusukuma mkono, anaandikwa "mkorofi" kwenye faili, kisha anapewa dawa ya kumtuliza badala ya ya maumivu. PainChek inasoma uso kwa kamera sekunde chache, mengine kama sauti na mwendo unajaza mwenyewe. Mpime anapogeuzwa au anapotembezwa. Akiwa amelala tu utadanganyika.

KakaTabibu: Nzuri, ila ni ya kulipia. PAINAD, kipimo kingine cha maumivu, ni bure: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila kimoja 0 hadi 2, basi. Mimi ningeanza na 4AT, haifiki dakika 2. Unaangalia kama yuko macho sawasawa, unamwuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, yuko wapi na mwaka huu ni upi, anataja miezi kinyumenyume, kisha unatafuta kama kuna mabadiliko ya ghafla. Alama 4 kwenda juu, mwite daktari.

DadaWodi: Hayo mabadiliko programu haiyajui, kaka. Muulize anayeishi naye. Juzi alikula mwenyewe, leo hashiki kijiko? Usiseme demensia imezidi. Tafuta maambukizi, mkojo uliozuilika, kukosa choo, dawa mpya.

ZamuYaUsiku: Wasifu mnaupita haraka mno. Bibi anaamka saa nane usiku anataka kwenda kufundisha. Ukimbishia, wodi nzima haitalala. Ukisoma kwamba alikuwa mwalimu, unamwita Mwalimu, unamwuliza habari za darasa lake, anarudi kitandani mwenyewe. Ila taarifa hizo zikae kwenye tableti ya wodi yenye nywila, kamwe si kwenye simu yako.

NesiWaZamu: Na mtandao ukikatika?

KakaTabibu: 4AT na PAINAD zote zinafanyika kwa karatasi na kalamu.

NesiWaZamu: Basi 4AT akilazwa, PAINAD wakati wa kumgeuza, na wasifu tujaze na ndugu siku ileile.

ZamuYaUsiku: Sawa kabisa. Kabla ya hiyo 4AT, mvalishe miwani na kifaa chake cha kusikia.