Tupeane uzoefu: kazini kwenu mnashindanishwa kwa pointi na nyota?

Kobe wa Kijitonyama: Wakuu, habari za jioni. Tangu Jumatatu ofisini kwetu (tunapokea simu za wateja) wametundika skrini kubwa ukutani yenye majina yetu wote. Ukipokea simu nyingi unapanda, ukienda chooni unashuka. Wa kwanza anawekewa taji, wa mwisho katuni ya kobe. Leo kobe ni mimi, kisa mzee mmoja alinieleza shida yake dakika 25. Nyie mnaishije na haya mambo?

Mama Pili: Kobe mwenzio hapa. Nakazia.

Boda Sinza: Sisi wa bodaboda za kwenye simu ndiyo usiseme. Piga safari 20 kabla ya saa sita usiku upate bonasi. Ukifika 18, simu kimya. Sisemi wanafanya makusudi, ila siku moja niliisaka ya 20 kwenye mvua mpaka nikaingia mtaroni. Goti linauma hadi leo.

Mzee wa Mwavuli: Uzi umenikumbusha mbali. Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nasajili laini kwa alama za vidole pale Mbagala Rangi Tatu. Mnakumbuka zile foleni, laini zinaanza kuzimwa Januari 20, 2020. Kila saa mbili usiku supavaiza anarusha orodha kwenye grupu: wa kwanza "Simba wa leo", wa mwisho "Kuku wa leo", picha yako imebandikwa kichwa cha kuku. Bonasi yenyewe elfu tano. Nikawa kuku siku tatu mfululizo, mke wangu akaiona picha, akacheka.

Kesho yake akaja mama mtu mzima, vidole vimesagika kwa kufua nguo za watu, mashine inagoma. Mwisho ikasoma. Nikamwambia, "Mama, haijashika, weka tena." Ilikuwa imeshika. Hiyo ya pili nikafungulia laini nyingine kwa jina lake. Siku hiyo niliwafanyia hivyo watu tisa. Jioni nikawa Simba. Zile laini za ziada supavaiza alizibeba, sikuuliza anapeleka wapi.

Baada ya miezi miwili mama akarudi na kijana wake. Kaitwa polisi, namba yenye jina lake inatuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuja kuniomba nimsaidie. Hakujua ni mimi.

Yanga Damu: Ndiyo maana sijawahi kuipenda Simba.

Msema Kweli: Chai hii. Tena haina sukari.

Mama Pili: Piga *106# uone laini ngapi zina jina lako, halafu urudi hapa.

Msema Kweli: Nimepiga. Zipo tano, mimi natumia mbili. Naomba radhi.

Namba Moja: Ila tuseme ukweli, mvivu ndiye hapendi kuhesabiwa. Mimi niko mauzo, miezi minne naongoza.

Boda Sinza: Mpisheni Simba wa leo.

Namba Moja: Matusi ya nini sasa?

Mbeba Boksi: Hata huku Marekani yapo. 2011 magazeti yaliandika kuhusu wafuaji wa hoteli za Disneyland, California. Waliwekewa skrini, ukiwa na kasi jina lina kijani, ukizembea jekundu. Wenyewe waliiita mjeledi wa umeme. Kuna waliobana haja wasishuke.

Mama Pili: Kobe, kubalianeni wote mpokee simu idadi moja. Taji amvalishe nani?

Mbeba Boksi: Usimsikilize, mtafukuzwa wote. Ombeni jina la meneja nalo lipandishwe pale.

Namba Moja: Au pokea simu, basi.

Yanga Damu: Mzee wa Mwavuli, yule mama iliishaje?

Mzee wa Mwavuli: Nilimwelekeza aende ofisi kubwa ya mtandao, nikafunga mwavuli. Mpaka leo nikishuka Rangi Tatu napita uchochoroni.

Kobe wa Kijitonyama: Wakuu, umeme umekatika, skrini imezima. Ofisi nzima imeenda chooni.